Mstari wa Uzito Usipopanda



Neno "mwembamba" limekuwa likifunika mengi. Mtoto asipoongezeka uzito, husemwa amerithi umbo la babu yake. Huenda ni kweli, lakini mizani haijui habari za ukoo. Mstari kwenye kadi ya kliniki ukilala au kushuka kwa miezi miwili mfululizo, mtoto apelekwe zahanati, hata kama bado anacheza na kucheka.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 12 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana uzito pungufu kwa umri wao. Mwili wa namna hiyo hauna akiba. Kuhara au nimonia, maradhi ambayo mwenzake huyashinda kwa matibabu ya siku chache, kwake huweza kuleta kifo.

Ninayetaka tumtazame zaidi ni mama. Mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160 na uzito usiofika kilo 47 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Akishika mimba katika hali hiyo, hatari ya kujifungua kabla ya wakati, au kuzaa mtoto asiyefika kilo 2.5, huongezeka. Kwa hiyo udhaifu wa mtoto tunayempima leo huenda ulianza jikoni mwaka juzi, pale mama alipojipakulia mwisho, baada ya baba na wageni, ukoko na mchuzi.

Wilaya yetu ya Kilosa hulima mbaazi na ufuta. Magunia huondoka na malori, nyumbani hubaki mahindi. Kuuza si kosa, maana sare za shule na mbolea hununuliwa kwa fedha. Hata hivyo, debe moja la mbaazi likibakizwa kwa ajili ya sufuria, na ufuta uliosagwa ukaongezwa kwenye uji, mama na mtoto watapata kile ambacho ugali peke yake hautoi.

Mtu mzima anayekonda bila sababu, tusiharakishe kusema amerogwa. Kifua kikuu, kisukari na VVU huweza kuanza hivyo, na vipimo vyake vipo.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Tarehe muulizeni mtendaji wenu. Mtoto aletwe pamoja na kadi yake, na baba naye aje ausome mstari huo.