Teke la Pembeni na Goti la Mtoto

 

Leo tuzungumzie watoto wetu wanaojifunza karate na taekwondo. Mchezo huu ni mzuri. Mwaka 2021, binti wa Kenya, Faith Ogallo, alishiriki taekwondo katika Olimpiki kule Tokyo. Basi tusiwakataze watoto, bali tuwalinde.

Mama mmoja aliniletea mwanawe goti limefura. Aliniuliza, "Sista, mbona alipiga teke kwa mguu wa kulia, na goti lililoumia ni la kushoto?" Swali zuri sana. Teke la pembeni laweza kuumiza hata mguu uliosimama.

Sikilizeni linavyopigwa. Kwanza, mtoto huinua goti juu. Pili, mguu aliosimamia huzunguka mpaka kisigino kielekee kule anakopiga. Tatu, nyonga hugeuka, na mguu hunyooka kwa kupiga na kisigino au ukingo wa nje wa wayo. Mwisho, hukunja goti tena kabla ya kushusha mguu. Nguvu hutoka kwenye nyonga. Ikiwa mguu wa chini umeganda na mwili unageuka, goti hupotoka na kano zake huweza kukatika.

Kwa hiyo mama, ukienda kumtazama mazoezini, angalia mguu wa chini. Je, unazunguka? Je, mahali ni tambarare, hapana mashimo wala mawe? Je, watoto hupasha mwili moto kwanza? Anayeanza apige chini ya kiuno chake hewani au kwenye mto wa mazoezi, asilazimishwe kufika kichwani. Wakipambana, wavae kinga za kichwa, mdomo, kifua, kinena na ugoko. Goti la mwenzake lisipigwe kamwe.

Akiumia, mpumzishe. Funga barafu ndani ya kipande cha leso, uweke penye uvimbe kwa dakika 15, urudie kila baada ya saa mbili au tatu. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Inua mguu juu ya mto.

Na hapa kina mama tuambiane ukweli. Sisi huku hukimbilia kuchua na kukanda kwa maji moto. Yule mtoto wa goti alichuliwa siku ile ile, na uvimbe ukazidi. Kwa siku mbili tatu za kwanza, msichue wala msikande.

Mpeleke hospitali mara moja iwapo hawezi kukanyaga, kiungo kimepinda, au goti limekwama. Mvulana aliyepigwa sehemu za siri, maumivu yakizidi saa moja au pakifura, asikae nyumbani kwa kuona haya. Na aliyepigwa kichwani akitapika, akichanganyikiwa, akizimia au akilala usingizi usio wa kawaida, msingoje kupambazuke. Hata akionekana mzima, asirudi mchezoni siku hiyo.

Mtoto akikwambia, "Mama, goti lauma," usimwambie ajikaze. Msikilize.