Walimu wa UPE na Deni Lililo Kwenye Majalada



Mada niliyopewa ni kuwaenzi walimu. Nimeomba niibane iwahusu walimu wa UPE, mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, peke yao. Wengi wao wamekwisha kustaafu, wengine wametangulia mbele ya haki, na sifa tuliyowaachia siyo wanayostahili.

Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba kufikia mwisho wa 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kuanza shule awe darasani. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, tofali kwa tofali. Walimu je? Vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda huo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa vipindi vya kufundisha hukohuko vijijini, na muda uliobaki wakajifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi kama milioni 1.2, mwanzoni mwa miaka ya 1980 walizidi milioni 3.

Hebu mfikirieni kijana huyo. Asubuhi ana darasa lililofurika na chaki ya kuhesabu. Alasiri anawafundisha watu wazima kusoma, na kati yao wamo wajomba zake na mama zake wadogo. Usiku anajaza andalio la somo kwa kibatari, kisha anafungua masomo yake mwenyewe.

Malipo tuliyompa ni kejeli. Mpaka leo mtu akikosea hesabu ndogo kikaoni, hakosekani wa kumuuliza kama alisoma UPE. Siwapambi: wapo walioingia darasani wakiwa wamewazidi wanafunzi wao kidogo tu, na ubora wa elimu uliyumba. Lakini hawakujipeleka wenyewe. Walitumwa, wakaenda, na wengi wao waliendelea kujisomea hadi wakapanda kutoka daraja C hadi A, wengine hadi stashahada na shahada. Isitoshe, namna walivyofunzwa haikuwa ya kipuuzi. MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tunayoihimiza sasa, mwalimu ajifunze akiwa kazini pamoja na wenzake shuleni, ina undugu wa karibu na mpango ule.

Sasa tuje kwenye Siku ya Walimu Duniani. Tarehe 5 Oktoba haikuokotwa tu kwenye kalenda. Siku hiyo mwaka 1966, mkutano uliofanyika Paris ulipitisha Mapendekezo ya ILO na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, na siku yenyewe ilianza kuadhimishwa mwaka 1994. Hati ile inataja mishahara, kupandishwa vyeo, hifadhi ya jamii, hata nyumba za walimu wa maeneo ya mbali. Ni hati ya maslahi, nasi tunaiadhimisha kwa maandamano, fulana na hotuba ya mgeni rasmi. Sina ugomvi na fulana. Ila mwalimu anayedai fedha za uhamisho huivaa akiwa na barua ya madai mfukoni.

Mnaokaa na majalada ya walimu mnajua ninachokisema. Barua ya kuthibitishwa kazini haionekani, cheti kina jina lisilolingana na la barua ya ajira, tarehe ya kupandishwa daraja imeachwa wazi. Haya hugundulika mwalimu akiwa tayari amestaafu, naye hulazimika kukopa nauli aende wilayani, mara kwa mara, kuthibitisha kwamba aliwahi kufundisha.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja kwa ofisi za kata. Mwalimu akibakiza miaka miwili kustaafu, mratibu elimu kata akae naye, walipitie jalada lake ukurasa kwa ukurasa, na kila pengo liandikiwe barua siku hiyohiyo, nakala moja ibaki mkononi mwa mwalimu. Kwa waliokwisha kustaafu madai yao yakiwa bado yananing'inia, ofisi iwafuate nyumbani. Kazi hii haihitaji fungu jipya la bajeti, na majina ya kuanzia tunayo.