Kwa Baiskeli Kuvuka Mlima wa Taygetus



Wengi wenu mna baiskeli, na wasio nayo huitamani. Mwaijua kwa kazi zake: huchukua barua, mkungu wa ndizi, gunia la mahindi, na pengine mgonjwa apelekwaye hospitali. Leo twataka kuwasimulia safari tuliyoifanya kwa baiskeli, sisi watu wawili, katika nchi ya Ugiriki, ile ambayo vitabu vya zamani huiita Uyunani. Ilikuwa safari ya siku moja tu, kilometa 60 hivi, toka mji wa Kalamata ulio pwani hata mji wa Sparta ulio bondeni, ng'ambo ya mlima. Katika siku hiyo moja tulijifunza jambo ambalo twaona lamfaa kila apandaye baiskeli, hata asipouona mlima ule maisha yake yote.

Kwanza tuwaeleze nchi ilivyo. Kusini mwa Ugiriki iko rasi kubwa iitwayo Peloponnese, na katika rasi hiyo umesimama mlima wa Taygetus, mrefu kama ukuta utokao kaskazini kwenda baharini. Kilele chake kina zaidi ya meta 2,400. Upande wa magharibi ni nchi ya Messenia, na upande wa mashariki ni Laconia, ambayo mji wake mkuu ni Sparta. Zamani sana Waspartani waliishinda Messenia, wakawafanya watu wake watumwa wa kuwalimia mashamba. Wakakaa katika utumwa huo miaka mingi, hata karibu na mwaka 369 kabla ya Kristo walipopata kuwa huru. Leo ukuta ule una barabara ya lami ipitayo juu yake, na mtu aweza kuuvuka kwa miguu yake na magurudumu mawili.

Tuliondoka Kalamata alfajiri, katika mwezi wa Novemba. Mara tulipouacha mji tuliingia katika mashamba ya mizeituni. Jina la mti huu mwalijua katika vitabu vya dini, lakini huenda wengi hamjauona. Si mti mrefu. Shina lake hujisokota kama kamba nene, na likizeeka huwa na mashimo ndani, walakini mti huendelea kuzaa. Majani yake ni madogo na magumu, juu yana rangi ya kijani, chini yana weupe kama fedha. Upepo ukivuma shamba zima hubadilika rangi. Majani hayo magumu hayapotezi maji upesi, ndiyo sababu mzeituni hustahimili kiangazi kirefu pasipo mvua, katika mawe ambayo mkulima wa mahindi angeyaacha.

Siku zile zilikuwa za mavuno. Chini ya kila mti watu walitandika nyavu pana, wakaipiga matawi kwa fimbo, zeituni zikaanguka kama mvua. Baba, mama, watoto na wazee wote walikuwapo, kwa maana kazi hii haiwezi kungoja. Zeituni hutiwa magunia, hupelekwa kinuni, na kwa kila kilo 5 hivi mtu hupata kilo moja ya mafuta. Yeye apandaye mche hangojei utajiri wa mwaka ule. Yako mashamba ambayo wajukuu huvuna miti iliyopandwa na babu zao.

Basi tukaanza kupanda. Barabara ilikwenda ikijikunja juu ya bonde la mto Nedon, kona baada ya kona. Baiskeli zetu zilikuwa na gia nyingi, nasi tukachagua ile nyepesi kuliko zote, tukaenda polepole kama mtu atembeaye. Hiyo ndiyo siri ya mlima: asiyejua hukanyaga kwa nguvu katika kona ya kwanza, na katika kona ya kumi hukaa chini ya mti akihema. Ajuaye huhesabu pumzi yake, hunywa maji kabla ya kuona kiu, hula kabla ya kuona njaa.

Tukagundua pia ya kuwa mlima una alama zake. Mzeituni hauwezi kustahimili baridi kali, kwa hiyo haupandi juu sana. Tulipokuwa tumekwenda saa kadhaa tuliona mizeituni ikipungua, kisha tukapita mti wa mwisho, na baada yake ikaja misonobari na miti mingine ya baridi. Pasipo kutazama kipimo chochote tulijua ya kuwa tumefika juu sana, maana miti ilituambia.

Katika kijiji cha Artemisia tulipumzika, tukala mkate na jibini na zeituni. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele ya nyumba yake akaja kuzitazama baiskeli zetu. Akainama, akashika waya wa breki ya nyuma ya mmoja wetu, mahali unapoingia katika mkono wa breki.

Akauliza, "Watoto wangu, mwashuka Sparta leo?"

Tukajibu, "Naam, babu."

Akasema, "Basi utazameni waya huu kwanza. Tangu hapa hata kileleni hamtauhitaji. Mtauhitaji baada ya hapo."

Tukamshukuru kwa adabu, walakini hatukuutazama. Jua lilikuwa limekwisha kupita kichwani, na siku za Novemba kule ni fupi. Tena, twakiri, tulikuwa na kiburi kidogo. Tulikuwa tumepanda vizuri, tukadhani kazi ngumu imekwisha.

Tulipofika juu, upepo ulikuwa baridi hata vidole vikafa ganzi. Tukavaa makoti, tukaanza kushuka katika korongo la Langada. Wasikilizaji, mahali pale ni pa kutisha na pazuri pamoja. Barabara imechongwa katika mwamba, na pengine mwamba huo huning'inia juu ya kichwa cha msafiri kama dari. Upande mmoja ni ukuta wa jiwe, upande wa pili ni shimo ambalo chini yake husikia maji lakini huyaoni. Baiskeli ilikwenda yenyewe, nasi tukafurahi kama watoto.

Katika kona ya tatu au ya nne, waya ule ukakatika. Mwenzetu aliyekuwa mbele akavuta breki ya nyuma, mkono wake ukafunga bure. Akabaki na breki ya mbele peke yake. Nayo ukiivuta kwa ghafula katika mteremko mkali, gurudumu la mbele husimama na mtu hurushwa juu ya usukani. Akaivuta kidogo kidogo. Mipira ya breki ikaanza kunuka kwa kuungua. Kona nyingine ilikuwa mbele, na baada ya kona, shimo. Kwa bahati, kando ya ukuta wa mwamba palikuwa na lundo la mchanga lililoachwa na watengenezaji wa barabara. Akaielekeza baiskeli humo, akaanguka. Aliumia kiganja na goti, si zaidi. Tulikaa pale kwa muda, wala hapana aliyesema neno.

Yafaa tueleze sababu, maana si bahati mbaya tu. Tuseme mtu na baiskeli yake na mzigo wake ni kilo 90. Akipanda hata awe juu zaidi kwa meta 1,000, nguvu alizotumia kujiinua hazikupotea. Mlima umemwekea akiba. Siku ya kushuka humrudishia zote kwa mara moja. Sehemu yake huchukuliwa na upepo, na sehemu nyingine hugeuka joto katika breki. Kama nguvu hizo zote zingegeuka joto, zingetosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji baridi. Ndiyo maana rimu hushika moto, ndiyo maana hata mpira wa gurudumu huweza kupasuka. Na mwenye mzigo mkubwa hurudishiwa zaidi.

Basi tulishuka kwa miguu, tukizikokota baiskeli, hata giza likaanza kuingia. Hatukuwa na la kujivunia tena. Tulipokuwa tumechoka sana, tukaona kando ya barabara mti mfupi wenye majani meupe upande wa chini. Ulikuwa mzeituni. Kisha tukaona wa pili, kisha shamba zima, na taa za kijiji cha Trypi. Asubuhi mizeituni ilitupita nasi hatukuijali. Jioni ile tuliushika mti ule wa kwanza kwa mkono kama mtu amshikaye ndugu yake. Kijijini tulipewa waya mpya, wala hawakukubali kupokea fedha zetu. Kesho yake tukaingia Sparta.

Hayo ndiyo tuliyojifunza, nasi twawapa ninyi bure, ingawa sisi tuliyalipia. Kabla ya kilima, tazama miguu yako. Kabla ya mteremko, tazama breki zako. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili kwa zamu, uziache zipoe. Na breki moja ikiwa mbovu, shuka utembee, hata kama watoto wa kijiji watakucheka. Wengi huogopa kupanda, walakini ni mteremko uuao.

Wala msidhani kwamba kuharibikiwa njiani ni aibu. Mwaka 1896, Michezo ya Olimpiki ilipofanywa Athens, palikuwa na mashindano ya baiskeli toka mji huo hata Marathon na kurudi, kilometa 87. Aliyeshinda alikuwa Mgiriki, Aristidis Konstantinidis. Baiskeli yake iliharibika njiani. Akaazima nyingine, akaendelea mbele. Katika michezo ile washindi wa kwanza hawakupewa dhahabu, walipewa nishani ya fedha na tawi la mzeituni. Aibu si kukatikiwa na waya. Aibu ilikuwa yetu, tulioonyeshwa waya na mzee, tukaona haraka yetu ni bora kuliko macho yake.

Basi, wasikilizaji wetu, kesho asubuhi kabla ya kuitoa baiskeli yako nyumbani, inama kidogo, ushike waya wa breki. Ni kazi ya dakika moja.

Kwa herini.