Mrushaji Hodari, Mkeka Uliochanika

Mhadhara wa umma uliotolewa Lokitaung, Turkana Kaskazini

Nilipoomba mhadhara huu ufanyike Lokitaung badala ya Lodwar, wenzangu walidhani ni kwa ajili ya gereza walimofungwa Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria. La. Nimefuata daftari.

Ndilo hili. La shule, jalada limechanika, vumbi la hapa limeingia hadi kwenye mshono. Mwenyewe yumo ukumbini na ameniruhusu nilionyeshe bila kumtaja. Ligi ya Uingereza ilipokwenda likizo, yeye na wenzake wa kijiweni walihamia besiboli ya Marekani, kwa kuwa ndiyo iliyobaki ya kubetia kwenye simu. Mchezo wa saa moja jioni New York kwetu huanza saa nane usiku. Hajawahi kushika gongo la besiboli, wala mimi. Lakini tazameni safu hizi: jina la mrushaji, wastani wake, nani alishinda. Nimesahihisha kazi za wanafunzi wa chuo zisizo na unadhifu huu.

Swali lake kwangu lilikuwa moja: namba za mrushaji zinaweza kumwonyesha mshindi?

Hajauliza upuuzi. Katika kandanda mtu mmoja huwa na mpira dakika chache tu. Katika besiboli kila kitu kinaanzia mkononi mwa mrushaji, na jina la atakayeanza hutangazwa mapema. Wastani wake hupatikana hivi: chukua pointi alizofungwa, ukiacha zile zilizotokana na makosa ya wenzake, zidisha kwa 9, gawanya kwa awamu alizorusha. Ukiwa mdogo, ndiye hodari.

Sasa tumchukue hodari mwenyewe. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alirusha awamu 217 akafungwa pointi 41, ukiacha zilizotokana na makosa ya wenzake. Piga hesabu: 1.70. Alipewa tuzo ya Cy Young, yaani mrushaji bora wa ligi yake. Alianza michezo 32. Mets walishinda mingapi? 14. Walipoteza 18.

Tuseme kijana wetu angemwekea shilingi 100 kila alipoanza, kwa odi ya 1.60 (akishinda, 100 zinarudi 160), ambayo nimeichagua mimi kwa ajili ya hesabu. Angetoa 3,200 na kurudishiwa 2,240. Mia tisa na sitini zimekwenda, na mtu aliyemchagua ni bora kuliko wote! Mrushaji huzuia pointi, hafungi. Wapigaji wake wakilala, wastani wa 1.70 haumsaidii mtu. Tena siku hizi anayeanza hurusha awamu tano na ushei kati ya tisa, kisha wanaingia wengine ambao daftari hili haliwajui.

Kuna jambo la ndani zaidi. Mwaka 2001 Voros McCracken, Mmarekani aliyependa kuchezea takwimu, aliandika kwamba mpira ukishapigwa ukabaki uwanjani, mrushaji ana uwezo mdogo sana wa kuamua kama utadakwa au utaangukia penye nafasi. Wenye mchezo walimcheka, kisha hesabu zikamwunga mkono kwa sehemu kubwa. Kilicho chake hasa ni wapigaji anaowatoa bila wao kuupiga mpira ukaingia uwanjani, anaowapa njia ya bure, na anaowaachia mpira ukavuka ukuta. Kwa hiyo, kijana wangu, ukitaka safu bora, andika hizo tatu.

Lakini hata ukiziandika, bado. Hizo namba zote anazo pia aliyepanga odi, na ameshazitia ndani ya bei. Mtu akikuuzia mbuzi aliyenona kwa bei ya mbuzi aliyenona, hujapata faida kwa kujua kwamba amenona. Soko la mifugo mnalijua kuliko mimi.

Na bei yenyewe ina mwiba. Timu mbili zenye nguvu sawa zingestahili odi ya 2.00 kila moja. Kampuni ya kubeti itaweka, tuseme, 1.90. Kwa hiyo ili usipate hasara lazima ushinde mara 52.6 kwa kila 100. Ongeza kodi ya Sheria ya Fedha ya 2025: asilimia 5 ukiingiza pesa, asilimia 5 ukizitoa. Shilingi 100 zinacheza kama 95. Ukishinda unaona 180.50, mkononi unapata 171 na ushei. Mwenye kuingiza na kutoa kila mara sasa anahitaji ushindi wa asilimia 58.3. Dodgers, waliomaliza msimu wa kawaida wa 2024 na ushindi mwingi kuliko timu yoyote, walishinda 98 kati ya 162: asilimia 60.5.

Mkeka, yaani dau moja juu ya michezo kadhaa, ni mbaya zaidi. Ukiunganisha michezo mitano ya 1.90, ule mwiba unajizidisha mara tano, na kati ya kila shilingi 100 unazoweka, kwa wastani zinarudi 77, kabla ya kodi.

Kijana atasema: lakini fulani wa kijiweni amepatia saba kati ya kumi! Nimemsikia. Wapeni vijana 100 sarafu, kila mmoja arushe mara kumi; kama 17 watapatia saba au zaidi. Hao ndio watakaosikika kijiweni. Wale 83 wamenyamaza.

Nilipofika hapa katika mazungumzo yangu ya jana na mwenye daftari, mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza alinikatiza. Wazee husoma matumbo ya mbuzi kabla ya kuhama, akasema, na msomaji anaweza kukosea. Ila nyama tunakula sote. «Huyo wa simu, akikosea kijana, nyama anakula nani?»

Sikuwa na la kuongeza, nikarudi kwenye daftari. Safu zote zimo isipokuwa moja: odi ya siku hiyo na shilingi iliyoingia au kutoka. Nimeichora mwenyewe kwa rula, ukurasa huu hapa. Tumepatana ataijaza hadi msimu wa kawaida uishe mwishoni mwa Septemba, kwa karatasi tu, bila dau. Kalamu nimemwachia.