Ari ya Muuguzi na Uhai wa Mgonjwa

Ari ya kazi kwa muuguzi ni nguvu, kujitolea na kuzama katika kazi, na matunda yake huonekana kitandani kwa mgonjwa. Mfano ni damu inayotoka benki ya damu ya Nakasero, Kampala. Muuguzi hulinganisha jina na kundi la damu, kisha hukaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo za kuongezewa damu, akiangalia joto, mapigo ya moyo na dalili za kutetemeka. Uzembe hapo huua. Kuhusu chanzo cha ari hiyo, wapo wanaosema uuguzi ni wito. Kwa upande mwingine, Mei 2022 wauguzi wa serikali Uganda waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, na hoja yao ni nzito: wito haulipi kodi ya nyumba. Swali linabaki: mishahara ikipanda bila wauguzi kuongezwa wodini, ari hiyo itafika zamu ya usiku?