Kitabu cha Maktaba Kikipotea, Sema Mapema

Msikilizaji wa Kisii na Nyamira, uliazima kitabu cha maktaba na sasa hukioni. Labda ulikisahau kwenye matatu ya Keroka. Labda kilinyeshewa. Ufanye nini? Sema mapema.

Maktaba zetu za umma hazina fedha nyingi. Kitabu kikipotea, kingine huenda kisinunuliwe upesi. Mtahiniwa anayekihitaji atakikosa. Ndiyo maana kuna faini ya kuchelewesha, na malipo ya kitabu kilichopotea.

Lakini usijifiche kwa kuogopa faini. Ukijificha, kitabu hakirudi, wala wewe hurudi kusoma. Nenda maktabani. Mweleze mhudumu. Uliza: nilipe, au nilete nakala nyingine ya kitabu hicho? Huna pesa zote? Uliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Ukilipa, dai risiti.

Na ada za maktaba je? Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Ada za kaunti huwekwa kupitia mswada wa fedha, nawe una haki ya kutoa maoni. Kikao cha wananchi kikiitishwa, iwe Kisii mjini, Ogembo au Nyamira, hudhuria. Taja ada ambayo mzazi wa kawaida anaweza kumudu. Uliza pia maktaba imetengewa fedha ngapi za vitabu.

Kumbuka, msikilizaji: kitabu kikipotea, sema mapema. Na kama kiko nyumbani, kirudishe leo.