Simu ya Biashara ni Sanduku la Fedha

(Mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri na wafanyabiashara wadogo wa Raskazone)

  

Nimeombwa nijibu swali ambalo huletwa mara kwa mara katika dawati letu, hasa na wale wanaokuja kusaidiwa kuomba leseni ya biashara kwa mfumo wa TAUSI. Swali lenyewe ni hili: "Mwanangu, kwa kazi yangu hii, ninunue simu gani?"

Jibu la jumla halimfai mtu aliyetoa fedha mfukoni. Kwa hiyo nimechukua simu mbili zilizoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2023, nizilinganishe mbele yenu: Samsung Galaxy A15 na Tecno Spark 20. Ifahamike kwamba Halmashauri haiuzi simu wala haimtangazii mtu biashara yake. Nimezichagua kama mfano tu, ili mkishajua namna ya kulinganisha, mweze kuzilinganisha nyingine zozote wenyewe.

Tuanze na yale yanayofanana, kwa kuwa ndiyo yanayosifiwa zaidi dukani. Zote mbili zina betri ya mAh 5000. Zote mbili zina kamera kuu ya megapikseli 50, inayotosha kabisa kumpiga picha changu au kitambaa cha dera na kumtumia mteja. Basi muuzaji akikusifia kamera na betri, jueni kwamba bado hajawaambia lolote la kuwasaidia kuchagua.

Tofauti ya kwanza ni nafasi ya laini. Wengi wetu tuna laini mbili, kwa sababu wateja hulipa kwa mitandao tofauti. Katika Galaxy A15, kadi ya memori hukaa katika nafasi ya laini ya pili. Ukiweka kadi, laini moja inabaki nje. Simu za Tecno za aina ya Spark aghalabu huwa na nafasi ya kadi peke yake, laini mbili zikabaki mahali pake. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji achomoe trei ya laini muione kwa macho. Kwa mwenye laini mbili na picha nyingi za bidhaa, hili si jambo dogo.

Tofauti ya pili ni kioo. Kioo cha Galaxy A15 ni cha aina ya AMOLED, na cha Spark 20 ni cha LCD. Ndani ya duka tofauti haionekani sana. Lakini anayeuza samaki kule Deep Sea saa sita mchana anatakiwa asome ujumbe wa malipo juani, kabla mteja hajaondoka na mzigo. Toka nayo nje ya duka uijaribu juani, ndipo uamue.

Tofauti ya tatu ni kasi ya kuchaji: Galaxy A15 hupokea wati 25, na Spark 20 wati 18. Umeme ukirudi kwa saa moja tu, tofauti hiyo mtaiona. Ila fungueni boksi muangalie kama chaja imo, maana siku hizi si kila kampuni huiweka, na bei ya chaja ni sehemu ya bei ya simu.

Tofauti ya nne haionekani kwa macho, nayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kila simu janja huhitaji masasisho ya usalama, yaani marekebisho ambayo kiwanda hutuma ili kuziba matundu wanayopitia wezi wa mtandaoni. Samsung iliahidi kuipatia Galaxy A15 masasisho hayo kwa miaka mitano. Tecno haikutoa ahadi ya urefu huo kwa Spark 20. Simu isiyosasishwa bado itapiga na kupokea, lakini mwaka hadi mwaka inakuwa kama sanduku la fedha lenye kufuli iliyolegea, na hatimaye programu za benki huikataa.

Basi hukumu yangu ni hii. Anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili, mwenye laini mbili na kadi ya memori, Tecno itamfaa. Anayenunua simu ili akae nayo miaka minne au mitano, na anayefanya kazi juani, aongeze kidogo akachukue Samsung. Na ambaye mtaji wake ni mdogo kiasi kwamba simu ingemeza fedha ya kununulia mzigo, abaki na kitochi chake bila haya. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, wengi tuliitumia kwa simu za namna hiyo, na mpaka leo menyu ya malipo haidai bando.

Ipo siri nyingine ambayo wafanyabiashara wazoefu wanaijua: laini ya fedha hukaa katika kitochi kinachobaki kibindoni, na simu janja hubeba picha na mazungumzo ya wateja. Moja ikiibwa, nyingine inabaki.

Nasema haya kwa uchungu. Mimi mwenyewe niliwahi kudondosha simu majini nikipiga picha ngalawa. Ilikuwa simu nzuri, lakini hakuna kati ya hizi mbili iliyotengenezwa kuzamishwa, na maji ya chumvi hayana huruma. Fundi hakuweza kuifufua. Kilichoniumiza zaidi ya simu yenyewe ni namba na kumbukumbu zilizokuwa humo tu, na si mahali pengine popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Madeni ya wateja yaandikwe na katika daftari la karatasi, na namba za kumbukumbu za malipo ya Serikali zinakiliwe humo humo.

Mwisho, mambo matatu ya kufanya siku ya kununua simu, iwe mpya au iliyotumika. Bonyezeni *#06# mpate namba tambulishi ya simu, kisha itumeni kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halisi. Tukumbuke kwamba mwezi Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na waliozinunua ndio waliopata hasara. Pili, bonyezeni *106# mhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Tatu, daini risiti na waranti.

Na akiwapigia mtu akidai namba yenu ya siri, hata akijitambulisha kuwa anatoka Halmashauri, msimpe. Hatuulizi namba ya siri ya mtu yeyote. Ujumbe wa kitapeli utumeni kwenda 15040.

Asiyeelewa jambo lolote aje ofisini na simu yake mkononi, tutaitazama pamoja.